Mzee Anapoweweseka Baada ya Upasuaji wa Nyonga: Tusikimbilie Kutaja Pepo

Katika utume wa kuwatembelea wagonjwa tunakutana mara kwa mara na familia zilizoshikwa na hofu. Bibi ameanguka, amevunjika nyonga, amefanyiwa upasuaji na madaktari wanasema umekwenda vema. Usiku wa pili anaanza kuzungumza na watu wasioonekana, anamwita mwanawe kwa jina la marehemu mumewe, anang'oa dripu. Kukipambazuka ametulia, jioni yanarudi. Ndugu wananong'onezana kwamba amerogwa au amepagawa, na wapo wanaotaka kumtoa wodini wampeleke kwenye maombezi.

Hali hiyo wataalamu wa tiba huiita deliriamu, yaani mvurugiko wa akili unaokuja ghafla, ndani ya saa au siku chache, na ambao hupanda na kushuka katika siku hiyo hiyo moja. Si wazimu, wala si sawa na ugonjwa wa kusahau unaoingia polepole kwa miaka. Ni ishara kwamba ubongo umeelemewa na mateso ya mwili. Tena si kila mgonjwa wa namna hii hupiga kelele. Wengine hunyamaza, husinzia kutwa na kukataa chakula. Na kwa kuwa hawamsumbui mtu, hali yao hupita bila kutambuliwa.

Ni nani aliye hatarini zaidi? Mwongozo wa tiba uliotolewa Uingereza mwaka 2010 unataja mambo manne: umri wa miaka 65 na kuendelea, udhaifu wa kumbukumbu, kuvunjika nyonga, na ugonjwa mkali. Hivyo mzee aliyevunjika nyonga anaingia hospitalini akiwa tayari amebeba mawili kati ya hayo. Huongeza hatari pia uziwi, uoni hafifu, lishe duni, kutumia dawa nyingi kwa pamoja, kuacha pombe ghafla kwa aliyeizoea, na kuwahi kupatwa na hali hii hapo awali.

Mengine hujitokeza wakati wa matibabu: upasuaji kucheleweshwa, upungufu wa damu na maji mwilini, maambukizi ya mapafu au ya njia ya mkojo, mkojo kuziba, kukosa choo, kukesha, na baadhi ya dawa za usingizi, kama vile diazepamu. Maumivu yasiyotulizwa nayo ni sababu. Kwa hiyo tusimhimize mgonjwa avumilie kimya kana kwamba kuomba dawa ni upungufu wa imani.

Habari ya matumaini ni kwamba mengi ya haya yanazuilika. Katika utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2001, uliohusu wagonjwa 126 wenye umri wa miaka 65 na zaidi waliovunjika nyonga, wale walioangaliwa kwa karibu na daktari bingwa wa wazee walipatwa na deliriamu kwa asilimia 32, ilhali wenzao waliopata huduma ya kawaida walifikia asilimia 50.

Familia ina sehemu yake. Tumpelekee mgonjwa miwani yake, kifaa chake cha kusikia na meno yake ya bandia. Tumweleze kwa upole ni siku gani na yuko wapi, bila kubishana naye. Tumsaidie kunywa, kula na kuinuka kitandani mara daktari anaporuhusu, na usiku tumwache alale. Tumtajie daktari dawa zote anazotumia, zikiwemo za mitishamba, na pombe pia, bila kuficha kwa aibu. Akibadilika ghafla, tumwarifu muuguzi saa ile ile, kwani nyuma ya kuweweseka huenda kuna maambukizi yanayoweza kumwua.

Mama Kanisa hapingani na haya. Katekisimu, namba 1673, inaagiza kwamba kabla ya kupunga pepo ni lazima kuhakikisha kuwa tatizo si ugonjwa. Namba 1515 inaeleza kuwa yafaa kupokea Mpako wa Wagonjwa kabla ya upasuaji mkubwa. Basi tumwite padre mapema, mzee akiwa bado na utulivu wa kuungama na kusali pamoja nasi. Na ikiwa akili imekwisha kuvurugika, tumwite vilevile. Padre aje wodini, na mgonjwa abaki mikononi mwa madaktari.