Shoki ngumu na mzigo wa Chebunyo

Ukitaka kujua pikipiki ya Chebunyo imebeba nini mwaka mzima, usimuulize dereva. Chuchumaa nyuma yake uangalie shoki. Utakuta springi iliyopigiliwa vipande vya tairi kuukuu katikati ya mizunguko yake. Pikipiki nyingine ina shoki mbili kila upande, za pili zikiwa zimechomelewa kwenye chuma cha keria. Ya tatu imevishwa shoki ndefu zilizotoka kwenye pikipiki ya aina nyingine kabisa, nayo imeinua kitako juu huku taa ya mbele ikimulika tope. Madereva wote watatu walimwambia fundi neno lilelile: "Niwekee ngumu."

Ombi hilo lina sababu zake. Chebunyo iko Chepalungu, kaunti ya Bomet, chini ya ukanda wa chai wenyewe, upande wa kuelekea Narok. Kule juu Konoin na Kericho mzigo mkubwa wa pikipiki ni magunia ya majani mabichi kwenda kituo cha kununulia chai. Huku chini ni maziwa, mahindi, simiti, mtungi wa gesi, na abiria aliyepakata mtoto. Maziwa nayo hayatoki kando ya lami. Yanatoka kwenye maboma ya ndani, yanapita vijia vya mawe na makorongo, na yanatakiwa kufika mapema kabla jua halijayachachua.

Pikipiki zinazofanya kazi hii ziliongezeka sana baada ya mwaka 2008, Kenya ilipoziondolea kodi ya ongezeko la thamani pikipiki za chini ya cc 250. Nyingi ni za Kihindi, Bajaj Boxer na TVS zikiongoza, na waliozibuni walijua zinakwenda wapi. Boxer 150 ina springi ndani ya springi, na TVS HLX ina shoki za nyuma zenye ngazi 5 za kukaza. Tuseme basi kiwanda hakikukosea, ila hakikumtazamia mtu anayefunga madebe mawili ya maziwa, akaweka abiria, kisha akashuka mteremko wa Chepalungu mwezi wa Aprili.

Shoki ina vitu viwili ndani yake, na watu wengi hulipia kimoja. Springi kazi yake ni kubeba. Mafuta kazi yake ni kutuliza. Anayesema "niwekee ngumu" anazungumzia springi. Kinachomuumiza mgongo na kumtupa kwenye kona mara nyingi ni mafuta.

Tuanze na springi, maana hesabu yake ni nyepesi. Chukua mfano wa pikipiki ambayo nyuma yake hubonyea sentimita 1 kwa kila kilo 20 zinazoongezwa. Kilo 40 zitaibonyeza sentimita 2, kilo 60 sentimita 3. Sasa zungusha pete ya shoki, ile inayokaza springi kwa ngazi, hadi ngazi ya juu. Pikipiki itanyanyuka, na dereva ataapa kwamba springi imekuwa ngumu. Haikuwa. Mara tu inapoanza kubonyea, kila sentimita bado inadai kilo 20 zilezile. Ulichofanya ni kuhamisha mahali pa kuanzia. Hilo si jambo baya hata kidogo: kwa mzigo wa wastani ndilo hasa linalohitajika, na ni bure. Lakini si dawa ya springi iliyo dhaifu kuliko kazi yake.

Ukichomelea shoki ya pili inayofanana na ya kwanza kila upande, hapo ndipo ugumu unapobadilika kweli. Zile kilo 20 zinakuwa 40 kwa kila sentimita. Asubuhi, na madebe yamejaa, dereva anafurahi. Saa sita mchana anarudi peke yake, madebe matupu. Uzito wake unaoangukia nyuma, tuseme kilo 45, ulikuwa ukibonyeza sentimita 2 na ushei. Sasa unabonyeza 1 na kidogo tu. Hapa kuna jambo ambalo wengi hawalifikirii. Gurudumu halihitaji nafasi ya kupanda tu likikutana na jiwe, linahitaji pia nafasi ya kushuka likikutana na shimo. Shoki isiyobonyea chini ya dereva haina akiba ya kushuka. Gurudumu linapita juu ya shimo likiwa hewani, na gurudumu lililo hewani halishiki breki wala halisukumi mbele. Kwenye changarawe, hivyo ndivyo kitako cha pikipiki kinavyoanza kucheza ngoma yake.

Mafuta nayo yana tabia tofauti na springi. Springi inajali umebonyeza kiasi gani, mafuta yanajali umebonyeza kwa kasi gani. Mfugaji aliyewahi kushika sindano ya daktari wa mifugo anaijua tabia hii mkononi: ukisukuma taratibu dawa inapita bila ubishi, ukisukuma kwa ghafla kidole kinagoma. Ndani ya shoki, pistoni inasukuma mafuta kupitia matundu madogo. Springi iliyobanwa na jiwe inataka kufyatuka, na mafuta huizuia ifunguke polepole. Nguvu iliyozuiwa hugeuka joto, ndiyo maana shoki huwa ya moto baada ya mwendo mrefu kwenye barabara yenye mikunjo kama ya bati.

Joto hilo hufanya mafuta yawe mepesi, na mtikiso huyachanganya na hewa mpaka yakatoa povu. Povu halizuii kitu. Mfaransa Christian Bourcier de Carbon alilitafutia ufumbuzi tatizo hili kwa kuweka gesi yenye shinikizo ndani ya shoki, na kampuni yake ya mwaka 1953 ikajengwa juu ya wazo hilo. Zile shoki zenye kikopo pembeni zinazouzwa kwa mbwembwe madukani ni wajukuu wa kazi yake. Tahadhari moja tu: katika shoki za bei ya chini baadhi ya vikopo hivyo ni pambo, ndani hamna kitu. Ulizia kabla ya kulipia rangi nyekundu.

Unganisha sasa sehemu hizo mbili. Springi ngumu zaidi hufyatuka kwa nguvu zaidi. Kama mafuta ni yaleyale, tena yamechoka au yamevuja, umeongeza nguvu ya kurusha na kuacha kizuizi palepale. Abiria anarushwa kwenye tuta akatua juu ya keria badala ya kiti. Vile vipande vya tairi kati ya mizunguko ya springi vina kasoro ya ziada, kwa sababu vinaua sehemu ya springi na kuiachia iliyobaki kazi yote. Na shoki iliyochomelewa kwenye keria inapeleka mapigo mahali ambapo fremu haikuandaliwa kuyapokea. Nyufa huanza pale pale pa kuchomelea, chini ya rangi, hazionekani hadi siku chuma kinapoachana.

Kabla ya kununua chochote, tafuta futi ya fundi nguo na mwenzako mmoja. Simamisha pikipiki kwa stendi ya katikati ili gurudumu la nyuma lining'inie. Weka alama kwenye gadi, juu kabisa ya nati ya ekseli, upime kutoka natini hadi kwenye alama. Tuseme ni sentimita 46. Ishushe chini bila mtu: 45. Panda mwenyewe, ukae unavyokaa kazini, mwenzako apime: 43. Sasa pakia mzigo wako wa kila siku, si ule wa siku ya soko: 38.

Kama shoki zako zinaruhusu gurudumu kupanda sentimita 9 kwa jumla, umekula 8 ukiwa umesimama. Imebaki 1 kwa ajili ya mawe yote ya njiani. Bila shaka inagota. Kanuni ya mafundi wa pikipiki za safari duniani ni kwamba ukiwa na mzigo wako wa kawaida shoki iwe imebonyea takriban theluthi ya mwendo wake, yaani hapa sentimita 3. Pikipiki yetu ya mfano iko sawa kabisa kwa dereva peke yake, na imezidiwa vibaya kwa mzigo. Kukaza ngazi zote kunaweza kuirudishia sentimita moja au zaidi kidogo. Baki yake inataka springi nene kiasi, zile za kubeba mzigo za aina hiyohiyo ya pikipiki, au inataka mzigo upungue.

Kipimo cha mafuta ni rahisi zaidi. Bonyeza kiti kwa uzito wako wote kisha uachie ghafla. Pikipiki ipande na kutulia. Ikipanda, ikashuka, ikapanda tena, mafuta yamekwisha kazi. Pitisha kidole kwenye mti wa shoki; kikitoka na utelezi uliochanganyika na vumbi, sili imekufa. Shoki za nyuma za pikipiki hizi kwa kawaida zimefungwa kiwandani, zikivuja ni za kubadilishwa. Za mbele zinafunguka, na hapo ndipo pesa kidogo hununua mengi.

Nasema hivyo kwa sababu shoki za mbele husahauliwa. Fundi humwaga mafuta ya zamani yaliyogeuka maji meusi, huosha, hubadilisha sili, hutia mafuta ya shoki kwa kiasi kilichoandikwa na kiwanda, sawasawa kila mguu. Kwa mzigo mzito, mafuta mazito ngazi moja zaidi husaidia pua isizame ukishika breki. Oili chafu ya injini haifai hapo, hata kama ni ya bure. Na kwa pikipiki yenye breki ya diski, sili inayovuja mbele si suala la starehe tena: mafuta yakishuka hadi kwenye diski, breki hakuna.

Kuna la keria pia, ambalo halihitaji spana. Kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma pikipiki hizi zina karibu mita 1.3. Debe la lita 50 likijaa maziwa lina uzito wa kilo 60 hivi pamoja na debe lenyewe. Likifungwa juu ya keria sentimita 25 nyuma ya ekseli, gurudumu la nyuma linabebeshwa kilo 71 na ushei, na la mbele linapunguziwa zaidi ya kilo 11. Mzigo umekuwa mkubwa kuliko ulivyopimwa, na usukani umekuwa mwepesi pale unapouhitaji uwe mzito. Gawanya maziwa hayo katika madebe mawili madogo, yaning'inie kushoto na kulia usawa wa ekseli au mbele yake kidogo, na hesabu hiyo inafutika. Wabeba maziwa wakongwe wanafanya hivyo bila kusomewa fizikia.

Wenye pikipiki kubwa za safari, zile zinazoonekana zikipita Narok na masanduku ya alumini ubavuni, wana tatizo hilihili kwa bei nyingine. Mara nyingi kiwanda huwawekea springi za mtu mmoja wa uzito wa wastani, kisha mtu anapanda na mkewe, hema na maji. Kuna kampuni nzima zinazoishi kwa kurekebisha hilo, kama ile ya Msweden Kenth Öhlin iliyoanza 1976. Mwaka 2004 BMW walileta kwenye K 1200 S kitufe cha umeme cha kuchagua: dereva peke yake, dereva na mzigo, dereva na abiria. Kitufe kile kinafanya kazi ya pete ya ngazi 5 iliyo kwenye TVS ya Chebunyo, pamoja na kurekebisha mafuta. Tofauti kubwa ni kwamba mwenye BMW hukibonyeza kila mzigo unapobadilika, ilhali pete za huku nyingi zimeshikwa na kutu kwenye ngazi ileile tangu pikipiki itoke dukani.

Shoki hazibadilishi kila kitu. Breki ni zilezile, tairi ni zilezile, na sheria ya Kenya inaruhusu abiria mmoja tu, hata pikipiki ikivishwa shoki za mashindano. Pikipiki iliyoinuliwa nyuma ikaonekana haijalemewa inamdanganya dereva kuhusu umbali wa kusimama, na huo ni uongo unaolipwa kwenye mteremko.

Kwa hiyo, ndugu mwenye pikipiki, ukiwa na pesa za kazi moja tu mwezi huu, zipeleke kwenye sili na mafuta ya mbele, na uitie oili pete ya shoki za nyuma mpaka izunguke. Ukipata za kazi ya pili, nunua jozi ya shoki mpya za nyuma za aina ya pikipiki yako, zenye springi ya mzigo, zote mbili kwa pamoja. Na ukiambiwa na fundi kwamba atachomelea nyingine pembeni ya zile za zamani, mshukuru, umlipe chai, uondoke na pikipiki yako.