Vifaa viwili, jozi moja: antena zilizofichwa nyuma ya masikio

Mungu ametupa masikio mawili, na yote mawili yana kazi. Pikipiki ikitokea upande wa kulia, sauti yake hufika kwanza sikio la kulia, halafu la kushoto. Tofauti hiyo haifiki hata sehemu moja ya elfu ya sekunde. Pia sauti huwa kubwa zaidi upande wa kulia, kwa kuwa kichwa hulikinga sikio la pili. Ubongo hulinganisha taarifa hizo mbili na kutuambia tukwepe upande gani.

Katika ripoti yake ya mwaka 2021, Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba watu milioni 430 wanahitaji huduma kwa sababu ya kupoteza uwezo wa kusikia. Wengi wao wako katika nchi zenye kipato cha chini na cha kati. Baadhi tunasali nao kila wiki. Makanisa na vituo vya afya wakati mwingine hupokea shimesikio, yaani vifaa vya kumsaidia mtu kusikia, kama msaada kutoka kwa marafiki wa mbali. Katika makala hii tunaeleza jinsi vifaa viwili vya mtu mmoja vinavyowasiliana bila waya, na kwa nini ni vema kulijua jambo hili kabla ya kugawa msaada huo.

Kwa nini viwasiliane?

Kifaa cha kusaidia kusikia hukuza sauti ndogo na kuzuia sauti kubwa isiumize. Kila kimoja kikiamua peke yake, cha kulia kitapunguza sauti ya ile pikipiki, na cha kushoto, ambacho kinaisikia kwa mbali, kitaikuza. Mwishowe sauti hukaribia kulingana pande zote mbili. Mtumiaji anajua pikipiki inakuja, lakini ni vigumu kujua inatoka wapi. Barabarani hilo ni jambo la hatari.

Mwaka 2004 kampuni ya Siemens ya Ujerumani ilitoa vifaa vya Acuris, ambavyo viliwasiliana bila waya kutoka sikio hadi sikio. Kampuni nyingine zilifuata. Vifaa vya namna hii hupeana habari na kurekebisha sauti kwa pamoja. Mtumiaji akibonyeza kitufe upande mmoja, upande wa pili nao hubadilika.

Kichwa ni kizuizi

Mtu anaweza kufikiri kwamba kuwasiliana kwa umbali mfupi hivyo ni kazi rahisi. Sivyo. Vifaa vingi vya siku hizi hutumia mawimbi ya redio ya gigahezi 2.4, kama yale ya Bluetooth. Mawimbi hayo hupita hewani vizuri, lakini mwili wetu una maji mengi yenye chumvi, nayo huyanyonya. Ni kiasi kidogo mno kinachoweza kupenya katikati ya kichwa. Kinacholifikia sikio la pili ni mawimbi yaliyotambaa juu ya ngozi, yakazunguka kichwa.

Kwa hiyo wahandisi huilaza au kuisimamisha antena kwa makusudi. Wanataka nguvu ya umeme ya wimbi isimame wima juu ya ngozi, kama unywele unavyosimama, kwa sababu wimbi la namna hiyo hutambaa mbali zaidi. Tatizo lingine ni nafasi. Wimbi lenyewe lina urefu wa sentimita 12 hivi, na antena ya kawaida huhitaji robo ya urefu huo, yaani sentimita 3. Nyuma ya sikio nafasi hiyo ni finyu, tena betri imo humo humo. Hivyo antena hukunjwa kuizunguka betri, na vipimo vyake hupangwa kwa kuzingatia kwamba kichwa cha mtu kipo karibu.

Njia ya sumaku

Njia ya pili haitegemei mawimbi yanayosafiri. Ndani ya kila kifaa huwekwa koili ndogo ya waya wa shaba iliyozungushiwa kijiti cha feriti. Hutumia umeme wa takriban megahezi 10. Koili moja huzalisha nguvu ya sumaku, na nguvu hiyo huamsha umeme katika koili ya pili, kama inavyotokea ndani ya transfoma. Mwili hauzuii sumaku hiyo, na umeme unaotumika ni kidogo. Kwa betri ndogo kama kifungo cha shati, hiyo ni faida kubwa.

Lakini nguvu hiyo hupungua upesi sana. Umbali ukiongezeka mara mbili, nguvu ya sumaku hupungua mara nane. Inatosha kuvuka kichwa, lakini haiwezi kufika kwenye simu iliyo mezani. Ndiyo maana baadhi ya vifaa hubeba vyote viwili: koili ya kuzungumza na mwenzake, na antena ya redio ya kuzungumza na simu. Tena koili mbili lazima zielekeane. Kifaa kikivaliwa vibaya, mawasiliano hudhoofika.

Kabla ya kugawa msaada

Tunashauri mambo yafuatayo:

• Msitenganishe jozi. Kila kifaa kimeandaliwa kuwasiliana na mwenzake, na cha kampuni nyingine kwa kawaida hakiwezi kuchukua nafasi yake.
• Kila kifaa kivaliwe upande wake. Alama nyekundu ni kulia, ya buluu ni kushoto.
• Mwulizeni mtoaji kama ametuma pia programu ya kompyuta ya kurekebishia vifaa hivyo. Bila hiyo, mtaalamu hawezi kuviandaa kwa mtumiaji mpya.
• Hakikisheni betri zinapatikana karibu. Betri za zinki na hewa huanza kuisha mara karatasi yake inapobanduliwa, hata kama kifaa hakitumiki.
• Mfundisheni mtumiaji kufuta jasho kila jioni.

Tunajua ugumu uliopo. Wahitaji ni ishirini na jozi ni kumi. Mioyo yetu inatuambia kila mmoja apate kifaa kimoja. Kwa kweli kifaa kimoja ni afadhali kuliko kukosa kabisa. Lakini uamuzi huo ufanywe na mtaalamu wa masikio baada ya kumpima kila mtu, na kifaa kiandaliwe upya ili kifanye kazi peke yake. Usifanywe mezani kwa kuhesabu watu.

Injili ya Marko, sura ya 7, inasimulia jinsi Yesu alivyomponya mtu kiziwi. Kwanza alimtenga na umati, akamhudumia peke yake. Nasi tunaitwa kumtazama kila mtu na mahitaji yake.

Maswali ya kujadili katika kikundi

1. Je, kuna watu katika usharika wetu wasiosikia vizuri? Tunawajua kwa majina?
2. Mtaalamu wa masikio aliye karibu nasi yuko wapi, na nauli ya kumfikia ni kiasi gani?
3. Msaada wa vifaa ukifika, nani atawafuatilia watumiaji baada ya miezi mitatu?