Ukoko Unaolisha Samaki wa Magadi

Msomaji wetu wa Kitengela ametazama filamu ya misitu ya bahari, mwani mrefu kama mikaratusi na samaki wakipita katikati yake, akauliza: "Sisi wa Kajiado tuna chochote cha kufanana na hicho?"

Mwani ule hutaka maji ya baridi, kama yale ya pwani ya Dhofar, Oman, wakati wa kusi. Lakini samaki anayelishwa na kijani cha mawe tunaye: perege wa Ziwa Magadi, Alcolapia grahami, mdogo wa kutosha kiganjani.

Chakula chake kimeganda juu ya mawe ya chemchemi kandokando ya ziwa. Ningekiita utando, ila utando huambuliwa, kama ule wa maziwa. Hiki hukwanguliwa, na perege hukikwangua kama mtoto aliyeachiwa sufuria ya wali. Basi ni ukoko. Ukoko wa mwani.

Maji ya chemchemi hizo hufikia nyuzi 40 za joto, na pH yake ni kama 10. Ni magadi yale yale ya kulainishia maharagwe. Samaki wengi hutoa taka ya amonia kupitia matamvua. Chukua mfano wa matatu inayofika steji Kitengela. Amonia ni abiria. Chembe za haidrojeni majini ni bodaboda. Abiria akishuka tu, anapakiwa, na akishapakiwa harudi ndani. Mlango unabaki wazi, mwingine anashuka. Kwa pH ile, Magadi haina bodaboda. Walioshuka wanasongamana mlangoni, wa ndani wanakwama, wengine wanasukumwa kurudi. Amonia ikijaa mwilini, samaki hufa.

Perege wa Magadi hangoji bodaboda. Huifungasha amonia ikawa yurea, mzigo usio na sumu kali, akautoa nje. Watafiti, akiwemo Mkenya Geoffrey Maloiy, walilieleza hilo mwaka 1989 katika jarida la Nature.

Kufungasha huko hula nguvu usiku na mchana, na mlipaji ni ukoko. Mchana huyajaza maji oksijeni pia. Usiku oksijeni inapokwisha, perege hupanda juu kuvuta hewa.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, msitu unao. Ukifika Magadi, chutama kando ya chemchemi utazame midomo ile ikikwangua, na usiyakanyage mawe ya kijani. Hapo ndipo perege wanapokula.