Mechi Tatu na Laki Tano: Je, Ni Adhabu ya Haki?



Katika mashindano ya vijana wa vigango vya huku kwetu Chiola, kijana mmoja alipigwa kiwiko, akapoteza jino. Kamati ya mashindano ilikaa jioni ileile chini ya mwembe, ikamfungia mpigaji mechi tatu, na shauri likahesabiwa limekwisha. Kumbe halikwisha. Mama wa aliyeumizwa aliuza korosho chache alizokuwa amejiwekea ili ampeleke mwanawe hospitali Nachingwea. Kwa miezi kadhaa familia mbili zilizokuwa zikikaa benchi moja kanisani zilikaa pande tofauti, na ulipofika wakati wa kutakiana amani kila upande ulitazama mbele. Wakati huo mpigaji alikuwa amekwisha kurudi uwanjani, akishangiliwa kwa mabao yake.

Tulipowauliza wazee wa kamati kwa nini waliamua mechi tatu, walitujibu kwa unyofu kabisa: “Baba, ndivyo wanavyofanya Ligi Kuu.” Jibu hilo ndilo lililotusukuma kuandika makala haya. Maana kama uwanja wa kijiji unajifunza haki kutoka uwanja wa taifa, ni vema tujiulize uwanja wa taifa unafundisha nini.

Ligi Kuu inavyoadhibu

Tangu Namungo ya Ruangwa ilipopanda daraja na kuanza kucheza Ligi Kuu msimu wa 2019/20, ligi hiyo si habari ya redioni tu kwetu. Vijana wetu huwaona wachezaji kwa macho yao kwenye Uwanja wa Majaliwa, nao huiga yote wayaonayo, yakiwemo mabaya.

Tutazame matukio matatu yanayofahamika. Oktoba 2020, Bernard Morrison, wakati huo mchezaji wa Simba, alimpiga Juma Nyosso wa Ruvu Shooting. Alifungiwa mechi 3 na kutozwa faini ya shilingi 500,000. Novemba 2023, Khalid Aucho wa Yanga alipata adhabu hiyohiyo, mechi 3 na shilingi 500,000, kwa kumpiga kiwiko Ibrahim Ajibu wa Coastal Union. Kati ya matukio hayo mawili lipo la tatu. Baada ya mechi ya watani wa jadi ya Oktoba 2022, Clatous Chama wa Simba na Stephane Aziz Ki wa Yanga waliadhibiwa kwa kosa la kukwepa kusalimiana na wapinzani kabla ya mchezo. Adhabu ya kila mmoja ilikuwa mechi 3 na shilingi 500,000.

Hatusemi kwamba kusalimiana ni jambo dogo. Mkono wa salamu ni ishara ya kwamba mpinzani si adui, na sisi tunaopeana amani katika kila Misa tunaijua thamani yake. Lakini ngumi na salamu iliyokwepwa vikipimwa kwa kibaba kimoja, aliyepigwa ana haki ya kuuliza: mwili wangu una thamani gani?

Chanzo kimojawapo cha jambo hili ni namna tunavyosoma kanuni. Kanuni za nidhamu za FIFA zinasema kwamba mchezaji anayempiga mpinzani kwa ngumi, kiwiko au teke afungiwe angalau mechi 3, na anayempiga mwamuzi afungiwe angalau mechi 15. Neno “angalau” lina uzito. Mechi 3 ndicho kiwango cha chini kabisa, pale inapoanzia hesabu. Hakuna mahali palipoandikwa kwamba hesabu iishie hapohapo. Lakini sakafu ikigeuzwa kuwa dari, kiwiko cha hasira ya ghafla na ngumi iliyokusudiwa, jeraha dogo na taya lililovunjika, vyote hubeba mzigo mmoja.

Ni kweli kwamba adhabu moja kwa wote ina faida yake. Inajulikana mapema, na inaifunga mikono ya kamati isimpendelee mwenye jina kubwa. Hofu ya upendeleo si ya bure katika nchi ambayo karibu kila mtu ni wa Simba au wa Yanga. Hata hivyo haki haikamiliki kwa usawa wa tarakimu peke yake. Shilingi laki tano kwa nyota wa timu tajiri na shilingi laki tano kwa kijana wa timu inayochelewesha mishahara si mzigo mmoja. Bwana wetu, alipomtazama yule mjane hekaluni, alihesabu pia kile kilichobaki mfukoni.

Malengo matatu ya adhabu

Kanisa lenyewe lina sheria za adhabu. Mwaka 2021 Baba Mtakatifu Fransisko alitangaza marekebisho ya Kitabu cha Sita cha Mkusanyiko wa Sheria za Kanisa, yaliyoanza kutumika tarehe 8 Desemba mwaka huo. Humo adhabu inapewa malengo matatu: kurejesha haki, kumrekebisha mkosaji, na kuondoa kwazo lililosababishwa na kosa. Sheria hizo hazikutungwa kwa ajili ya mpira, lakini malengo hayo matatu ni kipimo chema popote binadamu anapomwadhibu mwenzake.

Lengo la kwanza ni kurejesha haki. Wengi hudhani kwamba ile sheria ya Musa ya jicho kwa jicho ilikuwa ruhusa ya kulipiza kisasi. Ilikuwa kinyume chake. Ilikuja katika ulimwengu wa akina Lameki, ambaye katika kitabu cha Mwanzo anajisifu kwamba jeraha moja atalilipiza mara sabini na saba. Sheria ikaweka mpaka: malipo yasizidi madhara. Kristo baadaye akatudai zaidi ya hapo, yaani msamaha. Lakini hakufundisha kwamba madhara yapuuzwe. Zakayo alipoongoka aliahidi kuwarudishia mara nne wale aliowadhulumu. Malipo yake yaliwaendea wenye haki yao wenyewe.

Hapo ndipo adhabu za mpira zinapopungukiwa zaidi. Mchezaji akifungiwa mechi tatu, nani anafaidika? Ni timu tatu zitakazocheza na timu yake baadaye, ambazo hazikuguswa na kosa lile. Faini nayo huenda kwa wanaosimamia ligi. Aliyepigwa hapokei kitu, hata neno la kuombwa radhi. Huku kwetu mbuzi wa mtu wakila mikorosho michanga ya jirani, wazee hawaridhiki kwa kumzuia mwenye mbuzi asiende mnadani wiki tatu. Humwambia amfidie mwenye shamba. Ajabu ni kwamba tunaijua haki hii shambani, kisha tunaisahau uwanjani.

Lengo la pili ni kumrekebisha mkosaji. Hapa tumtazame tena Juma Nyosso, si kwa kumhukumu, maana historia yake inatufundisha mengi. Mapema mwaka 2015, akiwa Mbeya City, alifungiwa mechi 8 kwa kumdhalilisha mchezaji wa Simba. Septemba mwaka huohuo alirudia kosa la aina hiyo dhidi ya John Bocco wa Azam, akafungiwa miaka 2 na kutozwa shilingi milioni 2. Ni adhabu nzito, kwa maana miaka ambayo mchezaji anaishi kwa miguu yake ni michache. Alirudi, akachezea Kagera Sugar, na Januari 2018, baada ya mechi na Simba kwenye Uwanja wa Kaitaba mjini Bukoba, alimpiga shabiki, akajikuta mikononi mwa polisi.

Tulinganishe na mchezaji mwingine aliyempiga shabiki. Januari 1995 Eric Cantona wa Manchester United alimrukia kwa teke shabiki aliyekuwa akimtukana. Alifungiwa hadi mwisho wa Septemba, yaani miezi 8, na mahakama, baada ya rufaa, ikampa saa 120 za kutumikia jamii, ambazo alizitumia kuwafundisha watoto mpira. Alirudi, na mwaka uliofuata akaibebesha timu yake ubingwa wa ligi na Kombe la FA. Hatudai kwamba saa zile peke yake ndizo zilizombadilisha. Mioyo ya watu Mungu ndiye aijuaye. Lakini kuna tofauti kati ya kumwambia mtu akae nje na kumpa kazi ya kufanya akiwa nje. Kipindi kirefu cha kukaa bure chaweza kuzidisha uchungu. Katika Sakramenti ya Kitubio hatupewi tu katazo. Tunapewa malipizi, yaani tendo jema la kulifanya.

Na hapa kuna jambo la kukumbuka. Mtu aliyepigwa ngumi ile ya Oktoba 2020 ndiye Nyosso huyohuyo. Wapo watakaosema moyoni kwamba alistahili. Mkristo hawezi kusema hivyo. Mungu alimwadhibu Kaini, lakini pia alimtia alama ili asije akauawa na yeyote atakayemkuta. Mtu aliyekwisha kutenda kosa hapotezi ulinzi wa sheria, la sivyo sheria yenyewe inakuwa kisasi kilichovaa joho.

Lengo la tatu ni kuondoa kwazo. Mchezaji hapigi peke yake. Anapiga mbele ya maelfu ya watoto. Kwa hiyo adhabu inapaswa ieleweke: kamati ieleze imepima nini, imeona nini, na kwa nini ikaamua hivyo. Pia ipime kosa la kila upande. Katika fainali ya Kombe la Dunia ya mwaka 2006 Zinedine Zidane alimpiga kichwa Marco Materazzi baada ya maneno ya uchokozi. FIFA ilimpa Zidane mechi 3 na faini ya faranga 7,500 za Uswisi, na Materazzi mechi 2 na faranga 5,000. Na kwa kuwa Zidane alikuwa amestaafu, mechi zake zikawa siku 3 za kuwahudumia watoto. Unaweza kubishana na tarakimu hizo, lakini watoto waliotazama walijifunza mambo mawili kwa pamoja: uchokozi hauhalalishi kichwa, na mchokozi naye hana mikono safi.

Na sisi mashabiki?

Ndugu wapendwa, ni rahisi kuinyoshea kidole Bodi ya Ligi. Tujitazame na sisi. Mchezaji wa timu pinzani akirusha kiwiko, tunataka afungiwe maisha. Akirusha wa kwetu, tunasema mpira ni mchezo wa wanaume. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Tunasema sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma, lakini tunashangilia pale tu unapokata upande wa jirani. Kamati inayoishi katikati ya mashabiki wa namna hii hujificha nyuma ya kanuni moja isiyobadilika, kwa kuwa ikipima kila kosa kwa uzito wake itaambiwa imehongwa. Basi sehemu ya udhaifu wa adhabu za mpira wetu imetengenezwa na midomo yetu.

Kwa mashindano ya vijana wetu hatuhitaji kusubiri kanuni mpya kutoka Dar es Salaam. Tunapendekeza kwa Halmashauri za Walei na viongozi wa vijana mambo manne. Kwanza, kamati isiamue jioni ileile hasira zikiwa bado za moto. Iwasikilize mpigaji, aliyepigwa na mwamuzi. Pili, mechi tatu ziwe mwanzo wa hesabu, na uzito uongezeke kadiri ya madhara na kusudio. Tatu, gharama za matibabu ziwe sehemu ya adhabu, na mpigaji asirudi uwanjani kabla ya kumwendea aliyemwumiza. Nne, akiwa nje apewe kazi: kuchora mistari ya uwanja, kuwafundisha wadogo. Akimaliza, apokelewe, wala kosa lake lisitajwe tena.

Tumalizie pale tulipoanzia. Familia zile mbili hazikupatanishwa na mechi tatu. Baada ya jumuiya yao kulizungumza jambo hilo, na baada ya ukimya mrefu, kijana aliyepiga alikwenda na jembe lake kwenye shamba la yule mama, akapalilia mikorosho siku nne. Hakuna kanuni iliyomlazimisha. Siku ya nne mama alimletea uji. Jino halikurudi, na hilo lisisahauliwe. Lakini Jumapili iliyofuata, wakati wa kutakiana amani, mikono ilivuka upande wa pili wa kanisa.

Mungu awajalie wote wanaohukumu, uwanjani na nje ya uwanja, moyo wa haki wenye huruma. Amina.