Nyangumi anayekuja mwenyewe kwenye boti

Wadau, juzi kijana mmoja kaniuliza: "Bro, hivi nyangumi si ndiye aliyemmeza Nabii Yunus? Sasa hao wazungu wanaenda kumpapasa ili iweje?" Swali zuri, ila nianze kwa kumsahihisha. Wenye shughuli yenyewe siyo wazungu, ni wavuvi wa Meksiko, na wanaifanya kifamilia: baba nahodha, watoto manahodha, mama na shangazi jikoni kwenye kambi ya wageni.

Mahali penyewe panaitwa Laguna San Ignacio, ghuba ya maji ya chumvi kwenye rasi ya Baja California. Kila majira ya baridi nyangumi wa kijivu hutoka kwenye bahari za barafu kaskazini mwa Alaska na Urusi, wakashuka pwani yote ya Marekani hadi hapo, kupandana na kuzaa. Kwenda na kurudi ni kama kilometa 16,000 hadi 20,000, na njia nzima karibu hawali kitu. Mkubwa ana mita 12 hadi 15 na tani 30 na ushee. Meno hana. Chakula chake ni vidudu anavyovichuja kwenye tope la chini ya bahari, kwa hiyo wewe mla ugali hakuhitaji.

Sasa sikia mkasa. Mwaka 1857 nahodha Mmarekani, Charles Scammon, aliingia kwenye ghuba jirani ya Ojo de Liebre akawakuta wakizaa. Wawindaji wakamiminika huko, baadaye na San Ignacio. Walikuwa wanamchoma chusa mtoto ili mama asikimbie. Mama naye hakimbii kweli, anageuka na kupasua boti. Ndipo wakampa jina la samaki shetani, utadhani yeye ndiye aliyewafuata nyumbani kwao! Walipokuja kulindwa kisheria, miaka ya 1930 na 1940, walikuwa wamebaki wachache sana.

Jina lile lilibaki. Wavuvi wa San Ignacio wakawa wanagonga ubavu wa boti ili nyangumi awasikie akae mbali. Mpaka mwaka 1972, mvuvi Francisco Mayoral, maarufu kwa jina la Pachico, akiwa anavua chewa, nyangumi akaibuka kando ya boti yake akagoma kuondoka. Mzee akaogopa weee, mwisho akanyoosha mkono akamgusa. Nyangumi katulia tu. Pachico alifariki 2013, na biashara ya kupeleka wageni ikaendelea mikononi mwa watoto wake.

Boti zao zinaitwa panga (siyo hili letu la kufyekea), ni za faiba na injini moja nyuma. Nahodha akifika anaondoa gia, injini inabaki ikinguruma taratibu, basi. Nyangumi akitaka anakuja, asipotaka mnarudi na picha za maji. Wageni wanapigapiga maji kwa mikono. Mara nyingine mama anampandisha mtoto mgongoni na kumsukuma hadi ubavuni mwa boti. Sehemu ya ndani ya ghuba, wanakolelea watoto, boti za wageni haziruhusiwi, na hata huku nje idadi ya boti kwa wakati mmoja ina kikomo.

Nilipoyasoma hayo nilikumbuka safari yangu ya pomboo Kizimkazi. Boti zaidi ya kumi, kila nahodha anakata njia mbele ya pomboo, wetu akipiga kelele "ruka! ruka!" na watu wanajitupa majini. Tuliona mikia tu. Simlaumu sana, mgeni kalipa na anataka kuona. Lakini wenzetu wale nao wana njaa na ada za shule, na bado wanasubiri.

Na kusubiri kumewalipa. Miaka ya 1990 serikali ya Meksiko na Mitsubishi walitaka kujenga kiwanda kikubwa cha chumvi hapo hapo San Ignacio. Kelele zikapigwa dunia nzima, na Machi 2000 Rais Ernesto Zedillo akaufuta mradi.

Ila sasa kuna balaa lisilofutwa na rais. Nyangumi hao walikuwa kama 27,000 mwaka 2016; hesabu ya 2025 ikatoa kama 13,000, na watoto wachache mno. Bahari ya kaskazini inapata joto, chakula kinayumba, wengine wanaanza safari wakiwa wamekonda. Nahodha wa San Ignacio anaweza kuzima gia kwa adabu zote, lakini huko hana mkono.

Haya, wadau wa pwani: nyangumi wetu wenye nundu hupita Watamu na Mafia kati ya Julai na Oktoba. Aliyewahi kupelekwa kuwaona atuambie hapo chini, nahodha alisimama au aliwakimbiza?