Zilizala ya Rajabu Ilivyosikika Ruiru na Thika

Akina mama wengi wa Mombasa hawajausahau usiku wa tarehe 12 Agosti 2020, ardhi ilipotikisika baada ya saa mbili, watu wengine wakiwa ndiyo kwanza wamemaliza Isha. Chanzo chake kilikuwa chini ya bahari, upande wa Dar es Salaam, na kipimo chake kilikuwa 6.0. Siku chache zilizofuata kila nyumba ilikuwa na hadithi yake. Leo, ukiuliza, wengi watakutajia mwaka tu. Siku na saa zimekwisha kuwapotea.

Jambo hilo lilitushughulisha tulipowazuru jamaa zetu wa bara. Siku hizi familia nyingi za pwani zina mabinti walioolewa Ruiru na Thika, na vijana wanaosoma Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta pale Juja, katikati ya miji hiyo miwili. Tuliwauliza wenyeji wao wa siku nyingi habari za Julai 2007.

Mwezi huo ardhi ilianza kutikisika kusini mwa Ziwa Natron, kaskazini mwa Tanzania, chini ya mlima uitwao Gelai. Mitikisiko ilifuatana kwa siku nyingi, na mkubwa kuliko yote, wa kipimo cha 5.9, ulitokea Jumanne tarehe 17, yapata saa kumi na moja na dakika kumi jioni. Wataalamu walipolinganisha picha za setilaiti walibaini kuwa mwamba ulioyeyuka kwa moto ulijipenyeza katika ufa chini ya Gelai, ukaipanua ardhi pasi na kutoka juu. Mlima jirani, Ol Doinyo Lengai, ulilipuka kwa kishindo mapema Septemba. Nairobi iko umbali wa takriban kilomita 170 kutoka hapo, na huko watu walitoka mbio katika majengo ya ofisi. Habari zilizobaki huizungumzia zaidi Nairobi. Ruiru na Thika, zilizo mbele yake kidogo, hutajwa kwa nadra.

Mama mmoja wa Ruiru, aliyekuwa akikaa ghorofa ya tatu, alitueleza kuwa aliiona chai ikicheza kikombeni kabla hajahisi chochote miguuni. Akadhani ni lori linapita. Kisha akaona nguo alizozianika zikiyumba hali hapakuwa na upepo. Alipoteremka na wanawe alimkuta jirani wa chini anachambua mchele kwa utulivu, hana habari, na jirani huyo akamcheka mbele ya watoto. Miaka imepita, na bado kicheko kile kinamuuma kuliko hofu yenyewe. Mama wa pili, wa Thika, alishikilia kuwa haikuwa Jumanne bali Jumatatu, tena usiku, na kitanda ndicho kilichomwamsha.

Aliyesoma chuoni amefunzwa asiitupe riwaya kwa kuwa imehitalifiana na nyingine. Mitikisiko ilikuwa mingi, kwa hiyo bibi wa Jumatatu na bibi wa Jumanne wanaweza kuwa wakweli wote wawili. Na mawimbi yanayotoka mbali huliyumbisha jengo refu kuliko nyumba iliyolala chini. Basi kicheko cha jirani hakikuwa na haki.

Wazee wa bara walikuwa na zilizala yao iliyo kubwa zaidi, ya Subukia, usiku wa Ijumaa tarehe 6 Januari 1928. Kipimo chake kilikuwa karibu 6.9, na ardhi ilipasuka kwa takriban kilomita 38. Wakati huo Thika ilikuwa mji mdogo wa reli iliyofika mwaka 1913, na Ruiru imezungukwa na mashamba. Hesabu ya watu ya 2019 ilikuta watu 490,120 Ruiru na 251,407 Thika, wengi wao wakiwa wapangaji katika majumba ya ghorofa. Fundi anayeyajenga majumba hayo angefaidika sana kujua ukuta upi ulipata ufa mwaka 2007, na wa ghorofa ya ngapi. Anayejua ni mama aliyekuwa nyumbani saa hiyo, na hapana aliyemuuliza.

Zilizala zote mbili, ya 1928 na ya 2007, ziliangukia mwezi wa Rajabu. Tunalitaja hilo ili lisije likafanywa fali. Mtume, rehema na amani zimshukie, alipofiwa na mwanawe Ibrahim jua lilipatwa, naye akawakataza watu kulihusisha na kifo hicho. Katika madhehebu yetu ya Shafi, ardhi ikitikisika ni sunna mtu asali peke yake nyumbani na azidishe dua. Mwenye udhuru wa kike huleta dua na istighfari. Hayo ni baada ya kuuzima moto jikoni na kuwaondoa watoto kwenye makabati.

Imam Suyuti, aliyefariki mwaka 911 Hijria, alitunga kitabu kizima cha zilizala, akazipanga kwa miaka na miji yake. Zimo ndani yake nyingi ambazo zisingejulikana leo lau asingeziandika. Nasi tumeanza daftari dogo: tarehe, sala iliyokuwa karibu, ghorofa, kilichoyumba, kilichoanguka. Ya 2007 tumepata kurasa nne. Ya 1928 ukurasa ni mtupu, na tunamtafuta mtu wa Thika au Ruiru ambaye bibi yake aliwahi kumsimulia usiku ule.