Kiwanja cha mtunzi, nyumba ya studio

Kijana aliingia ofisini kwangu, Dar es Salaam, na karatasi moja iliyokunjwa mara nne nyuma ya kava la simu. Aliniamkia, akakaa, akaikunjua juu ya meza akiilainisha kwa kiganja. "Mama wakili, wanataka wimbo wangu kwenye tangazo la sabuni. Hela yenyewe si mbaya. Nionyeshe tu pa kusaini."

Nikasoma. Mstari wa tatu ulisema kampuni itautumia wimbo "milele, duniani kote, katika vyombo vyote vilivyopo na vitakavyobuniwa baadaye". Wa nne ulitaja malipo, mara moja tu. Mstari wa tano haukuwapo.

"Biti alitengeneza nani?" nikamuuliza. Akamtaja prodyuza wake. "Mliandikiana?" Akacheka kana kwamba nimemuuliza iwapo huandikiana na kaka yake kabla ya kula naye.

Hapo nikaagiza chai, maana nilijua hatutatoka mapema.

Wimbo ukiwekwa kwenye tangazo haupigwi tu, unafungwa kwenye picha. Kuanzia hapo gitaa lako linamnadi mtu na bidhaa yake, na msikilizaji atakayeusikia kwenye daladala ataikumbuka sabuni kabla ya kukukumbuka wewe. Ndiyo maana kazi hii ina ruhusa yake peke yake. Vijana wa studio huiita sinki, neno ambalo nyumbani kwangu ni la kuoshea vyombo, kwa hiyo mimi nitaiita ruhusa ya picha.

Wakenya walilipata somo hili hadharani mwezi Mei 2022. Muungano wa Azimio la Umoja ulikuwa umemtangaza Martha Karua kuwa mgombea mwenza wa Raila Odinga, na video ya kumtambulisha ikatumia wimbo Extravaganza wa Sauti Sol. Kundi likatoa taarifa: hatukuombwa, hatukuruhusu. Mitandaoni watu wakaugeuza kuwa ugomvi wa kambi za siasa. Bodi ya Hakimiliki ya Kenya, KECOBO, ikafafanua jambo ambalo wengi walilipita mbio: leseni ya kupiga muziki hadharani, ile inayotolewa na vyama vya kukusanya mirabaha, haibebi ruhusa ya kuufunga wimbo kwenye picha. Hiyo huombwa kwa mwenye wimbo. Kwa maneno mengine, ukishalipia leseni unaweza kuupiga wimbo mkutanoni mpaka spika zipasuke. Ukiuweka wimbo huohuo chini ya video na kuisambaza, umeshatoka nje ya leseni yako.

Mwenye duka Kariakoo anayerekodi madera mapya kwa simu, akachagua wimbo unaovuma na kurusha kwenye ukurasa wa duka, yuko kwenye mtego uleule. Muziki ambao mitandao inakupa bure kwa kawaida umeruhusiwa kwa mambo yako binafsi, harusi ya shangazi na mtoto anayejifunza kutembea. Video yenye bei ya dera chini yake ni tangazo, hata kama imerekodiwa na simu yenye kioo kilichopasuka.

Sasa, ruhusa inaombwa kwa nani? Wateja wangu wengi huanguka hapa, nami huwaeleza kwa mambo ya ardhi kwa sababu Mtanzania yeyote anayajua. Utunzi, yaani maneno na melodia, ni kiwanja. Rekodi ni nyumba iliyojengwa juu yake. Kiwanja kinaweza kuwa na mwenyewe na nyumba ikawa na wake, na anayetaka kuitumia nyumba lazima aelewane na wote wawili. Juu ya kiwanja kimoja zinaweza kusimama nyumba nyingi. Wimbo wa Malaika ni kiwanja kimoja chenye kesi ya mpaka isiyokwisha, maana watu kadhaa wametajwa kuwa ndio walioutunga. Lakini alioimba Fadhili William ni nyumba moja, aliorekodi Miriam Makeba ni nyingine, wa Boney M. ni nyingine tena. Kampuni ikitaka sauti ya Makeba itamtafuta mwenye rekodi ya Makeba, na bado haijamalizana na kiwanja.

Umri wa hivi viwili nao haulingani. Sheria ya Kenya inalinda rekodi kwa miaka 50 tangu mwisho wa mwaka iliporekodiwa, ila utunzi unalindwa maisha yote ya mtunzi na miaka 50 baada ya kifo chake. Rekodi ya mwaka 1962 ilitoka kwenye ulinzi huo mwisho wa 2012. Ikiwa mtunzi wake alifariki 2001, wimbo wenyewe una mwenyewe mpaka 2051. Nyumba imebomoka kisheria, hati ya kiwanja ingali kwenye sanduku la warithi. Maofisa masoko wanaoniambia "huo wimbo ni wa zamani, ni wa wote" huwa wamehesabu upande mmoja tu.

Na mwenye hati si lazima awe mwimbaji. Mwaka 1987 Nike walitumia Revolution wa Beatles kwenye tangazo la viatu, rekodi halisi, sauti ya John Lennon mwenyewe. Hawakuiba. Walilipa kwa wenye rekodi, Capitol-EMI, na kwa wenye haki za utunzi, ambazo wakati huo zilikuwa mikononi mwa Michael Jackson, aliyeinunua kampuni ya ATV Music mwaka 1985 kwa dola milioni 47.5. Kampuni ya Beatles, Apple, ikashtaki hata hivyo, na shauri likamalizwa kwa makubaliano mwaka 1989. Fikiria: umetunga wimbo, umeuimba, na siku unapouona umevaa raba kwenye televisheni, waliokubali ni watu wengine kabisa, na walikuwa na haki ya kukubali.

Kwetu mambo hayafiki huko kwa mamilioni. Yanafika kwa uswahiba. Msanii anaingia studio na melodia kichwani na nusu ya ada mfukoni. Prodyuza anajenga biti, anaongeza kiitikio kidogo, rafiki aliyekuja kusubiri lifti anachangia mistari minne ya ubeti wa pili. Asubuhi wimbo umekamilika, faili zote ziko kwenye kompyuta ya prodyuza, na hakuna hata risiti. Wimbo ukibaki wa kuchezwa kwenye sherehe, uswahiba unatosha. Siku ya tangazo wakala anauliza maswali ambayo usiku ule hayakuulizwa: nani mtunzi na kwa asilimia ngapi, nani mmiliki wa rekodi, kuna kipande cha wimbo wa mtu humo ndani? Na anataka toleo lisilo na maneno, ili sauti ya msomaji isigombane na yako. Toleo hilo anaweza kulitoa mtu mmoja tu, yule mwenye kompyuta. Karatasi ya nusu ukurasa inayoonyesha mgawanyo, yenye saini za wote kabla taa za studio hazijazimwa, ingemaliza haya yote. Nimeisema redioni, nimeisema kwenye semina, nimeisema msibani. Wanaitikia kwa kichwa.

Wazee wetu waliacha fundo gumu zaidi. Bendi ya NUTA Jazz iliundwa 1964 na chama cha wafanyakazi, ikaitwa JUWATA, kisha OTTU, leo ni Msondo Ngoma. Wanamuziki waliajiriwa, vyombo vilikuwa vya mwajiri, na kurekodi ilikuwa Radio Tanzania Dar es Salaam. Anayetaka sekunde 30 za wimbo wa enzi ile abishe hodi kwa nani? Watoto wa mtunzi? Bendi? Chama? Walio na mikanda? Nimeona wakala wa matangazo akihangaika na maswali hayo kwa wiki mbili, kisha akamwita kijana mwenye gitaa na kumwambia, "Tupigie kitu kama kile." Warithi hawakupata hata senti.

"Kitu kama kile" nacho kina historia. Katikati ya miaka ya 1980, wakala wa Ford nchini Marekani alimtaka mwimbaji Bette Midler aimbe kwenye tangazo, na meneja wake akakataa. Wakala akachukua ruhusa ya utunzi, akamwajiri aliyewahi kumwitikia Midler jukwaani, akamwagiza aimbe kama yeye kadiri anavyoweza. Aliweza vizuri mno, hata waliomjua Midler wakadhani ni yeye. Midler akashtaki. Mwaka 1988 mahakama ya rufani ikasema kuiga kwa makusudi sauti inayojulikana ili kuuzia bidhaa ni kosa, na mwaka uliofuata baraza la wazee wa mahakama likampa dola 400,000. Kiwanja kilikuwa kimelipiwa, nyumba mpya imejengwa kihalali, na bado kuna kitu cha mtu kilichukuliwa. Hukumu ile ilitokana na sheria za California, haiifungi mahakama ya Kisutu hapa Dar wala ya Milimani kule Nairobi. Lakini mimi huitaja kila ninapomwandikia wakala wa "kitu kama kile", na mara nyingi barua hujibiwa haraka.

Turudi kwenye "milele". Bei ya ruhusa ya picha haibandikwi ukutani, inatokana na majibu: kwa muda gani, katika nchi zipi, kwenye televisheni tu au na redio, mabango ya kidijitali na YouTube, na je, wimbo ufungiwe kwao peke yao? Neno "milele" linayafuta maswali yote hayo kwa mpigo. Like a Rock wa Bob Seger ulinadi magari ya Chevrolet kuanzia 1991 mpaka 2004. Tangazo likipendwa hukaa, na kila mwaka wa nyongeza ungekuwa mazungumzo mapya na hundi mpya. Kuhusu upekee, kumnyima mshindani wa sabuni ni haki. Ila nimeona karatasi iliyosema "bidhaa zote za nyumbani", na msanii akajikuta amejifungia milango ya majani ya chai, unga na mafuta ya kupikia kwa bei ya sabuni. Na wakitaka kulitoa jina la mpenzi kwenye kiitikio na kuweka jina la bidhaa, hiyo ni ruhusa nyingine, yenye bei nyingine.

Tulilikata neno "milele" kwa kalamu ya bluu, juu yake tukaandika "miezi 12". "Duniani kote" likawa Tanzania pamoja na kurasa za kampuni mtandaoni, zimetajwa moja moja, na siku ya kuiondoa video. Kijana akapiga picha karatasi, akaituma WhatsApp. Jibu liliingia kabla chai haijapoa: miezi 12 sawa, hela ileile.

Akanitazama kama mtu aliyerudishiwa chenji asiyoitegemea. Kisha simu ikalia tena. Wakala anahitaji saini ya prodyuza, na toleo lisilo na maneno, kabla ya Ijumaa.

Akampigia. Ikaita mpaka ikakata. Akapiga tena.